Refa wa Pinki

Tima amemchora Refa Lali Shekuwe mara nne
kwenye plaiwudi moja, ukutani kwa duka la simu, Langoni, si kwetu:
mara ya kwanza uso wa pinki, masharubu ya buluu;
mara ya pili manjano kama achari ya embe;
ya tatu kijani. Ya nne sikungoja kuitazama.
Mstari mweusi umemzunguka, mnene kama wanja wa bibi harusi,
na mashavu yote nukta, nukta, nukta,
utadhani kashikwa na surua uzeeni.

Wageni wanapiga picha. Watoto wanauliza: huyu mwimbaji?

Picha aliyoifuata ni ile ya kipande,
nyeusi na nyeupe, kona imeliwa na mende.
"Babu Swaleh," ananiuliza, brashi mdomoni,
"wewe ulicheza enzi zake. Shati lake rangi gani?"
Jeusi, mwanangu. Limepauka mabegani.
Filimbi aliifunga kwa kamba ya kiatu.
Kaptula ilipigwa pasi hata siku ya mvua,
na punda akikatiza uwanjani alisimamisha mchezo,
akampisha, akaandika dakika.

Sikumwambia yaliyobaki.

Fainali ile: mimi beki wa Mkomani, yeye mzawa wa Mkomani,
mama yake na mamangu walichota kisima kimoja.
Dakika ya themanini na tisa. Krosi ikaja juu.
Akapuliza, akanyosha kidole penye doa la majivu.
Penalti.
Nikaapa. Niliapa kwa Mola, mikono yote miwili juu,
hii hii,
na mtaa mzima ukaniamini.

Toka siku ile, barazani walijinafasi, pake pakajaa.
Kahawa ikapita mbele yake kama haimwoni.
Miaka kumi na mmoja, mpaka alipozikwa.
Akinikuta kichochoroni alinipa salamu kamili,
hadi wabarakatuh,
nami nikamjibu nusu.
Hakuuliza hata siku moja.

Leo ana macho manane
na yote yananijua.

"Na mpira," anasema Tima, "niutie rangi gani?"
Nikautazama mkono wangu wa kulia,
mishipa imesimama, kucha ya kidole gumba imepasuka.
"Uache mweupe," nikamwambia. "Lakini uchore vidole juu yake.
Vitano. Uliguswa."

Tima akacheka, akadhani ni mzaha wa wazee,
akachovya brashi kwenye pinki.