Kipengele cha Kumi na Moja

Sauti zao hunifikia kila Jumatatu
ndani ya kidude kidogo kama ukucha,
kwenye bahasha ya kaki inayonukia iliki.
Kazi yangu kusikiliza na kuweka alama:
sifuri, hakufanya; nne, kafanya kama ilivyoandikwa.
Vipengele kumi na vinane. Kalamu ya risasi, ili nifute.

Hapa Malindi, mtaa wa Maweni,
chumba cha ushauri kimepakana na kinu cha kusaga.
Mwongozo uliandikwa mahali pasipo na kinu.
Unasema: wape zabibu kavu, mojamoja,
waitazame, wainuse, waiweke ulimini wasiitafune.
Kadzo Mwambire kawapa mabuyu.
"Nyonyeni polepole. Rangi ikitoka, iacheni itoke, mwione."
Mmoja anaguna: "Dada, unga nao niliungoja hivihivi,
mate yamejaa kinywa."
Chumba kizima kinacheka. Naye anacheka.
Kipengele cha tatu: alitumia kifaa kilichoelekezwa?
Naandika mbili. Nafuta. Naandika tatu.

Baba alikuwa na duka Barani,
akipima mchele kwa kibaba cha bati.
Hakutia kidole gumba ndani,
hakumwachia ndugu kilele akamkwangulia mgeni.
Nilidhani nimeirithi mikono ile.

Dakika ya ishirini na sita. Anawaambia
hamu huja kama wimbi, wewe lipande mpaka lishuke.
Hapo yuko sawasawa na ukurasa.
Sauti nzito, ya Nyale nadhani, yule wa Ganda:
"Mimi siogelei. Wimbi likija, mimi hukimbia."
Kisha kinu kinawashwa nyuma ya ukuta,
meza inatetemeka, kinasa sauti kinatetemeka,
sikio langu linatetemeka.
Kadzo anapaza sauti: "Basi hicho! Sikilizeni hicho.
Hamna wa kukizima. Kitasaga kilicholetewa, kitanyamaza."

Nimempa nne.
Twalibu, anayesikiliza kanda hizihizi upande wa Shela
bila kuniona, kampa moja:
*ametoka nje ya mwongozo.*
Takwimu yetu ya kukubaliana imeshuka mwezi huu,
na mratibu ameuliza, kwa upole,
nani kati yetu amechoka.

Yuko mshauri mwingine, simtaji,
asomaye ukurasa baada ya ukurasa, hata nukta unazisikia.
Alama zake zimejaa pomoni.
Katika kanda yake ya mwisho nilisikia viti vikisogea,
mlango, mlango, mlango,
naye anaendelea: "Sasa vuta pumzi."
Hakuna kipengele cha mlango.

Kumi na moja: alikiacha kimya kiwe kimya?
Kinu kimezimwa. Kadzo hasemi kitu.
Sekunde arobaini. Dakika. Mbili.
Mtu anavuta kamasi. Mtu anavua kandambili.
Nami hapo nawaza sukari imekwisha nyumbani,
nawaza kaka yangu Swabiri, aliyeiba simu yangu akaiuza
kisha akashinda siku nzima akinisaidia kuitafuta,
akiinua mito, akichungulia chini ya jiko,
nawaza bili ya maji,
na ninaporudi, wameshaanza kuzungumza.
Nani aliyeanza? Yeye au Nyale?
Sikuwepo.

Mimi, mpimaji wa kuwepo.

Narudisha nyuma. Nafumba macho.
Kimya kina watu wake: feni,
kunguru akitembea juu ya mabati,
pumzi kadhaa zisizolingana,
na moja iliyo karibu mno, ambayo nachelewa kuitambua
kuwa ni yangu, imenaswa kwenye visikizi.

"Kimemaliza," anasema Nyale.
Ni yeye aliyeanza.

Naweka nne. Kisha pambizoni, pasipo na kisanduku,
naandika: *mpimaji alitoka dakika ya 31, akarudi.*
Mratibu ataniuliza hiyo inaingia safu gani.