Pua ya Taprandich

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado na joto,
tunapanda ngazi za ghorofa ya Nasambu, huko Shabab,
kila mtu na glasi yake ndani ya gazeti.
Yangu ilikuwa ya jemu. Ya Omolo ina nembo
ya benki iliyokwisha kufa.
Chupa ni moja. Tumechanga,
na risiti anayo Gathoni, kwenye mkoba wa zipu mbili.

Mwezi wa kwanza tuligombania jina.
Omolo akasema divai, ndivyo alivyoijua
akiwa mtumishi wa altare, akiionja kwa wizi.
Nasambu akasema mvinyo, ndivyo dukani walivyoandika.
Mimi nilinyamaza. Kwetu Kimilili
kulikuwa na chungu kimoja katikati,
mirija mirefu, na shangazi Nabwile mlangoni
akihesabu deni la kila mnywaji kwa jicho tu.
Hakuna aliyeuliza busaa inanukia nini.
Ilinukia busaa.

Sasa tunauliza. Gathoni anavaa miwani,
anasoma mgongo wa chupa:
beri nyeusi, mwerezi, tumbaku, ngozi.
Beri nyeusi ni nini?
Labda kama zambarau.
Zambarau ya wapi?
Tunazungusha, tunainua kwenye taa
kama mtu anayechunguza noti ya elfu, tunameza.
"Naam," anasema Omolo, "beri hiyo."
Na sote: naam, naam,
kama waumini waliosinzia kwenye mahubiri.
Miezi saba nimeitikia beri nisiyoijua.

Usiku huo alikuwepo Taprandich, jirani wa chini,
aliyeleta karanga na kusema mapema kwamba hanywi,
kanisa lake halitaki, naye hajawahi kubishana nalo.
Miaka kumi na tisa anapokea maziwa Njoro.
Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kukata masikio,
anafungua mtungi, anainamisha uso mara moja:
pita.
Au: rudi nayo, ng'ombe wako amekula vitunguu.
Rudi nayo, mtungi uliufunga ukiwa na maji.
Wanaume wenye ekari hamsini wameibembeleza pua ile
na kurudi nyumbani na maziwa yao.

Glasi ilimfikia kwa makosa, ikipita kwenda kwa Omolo.
Hakuizungusha. Aliinama
kama mtu anayetega sikio mlangoni,
maana harufu, kwa lugha yetu, husikika,
na mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja.

"Imelala kwenye mbao," akasema. "Mbao iliyounguzwa ndani,
kama kibuyu cha mursik mama akishakisugua kwa kaa la senetwet.
Hiyo iko mbali, chini. Juu yake kuna gunia.
Gunia lililolowa, likaanikwa bila jua.
Kizibo hiki ni kibovu. Rudisheni."

Kimya. Omolo, beri bado mdomoni,
akatafuta pa kuiweka.
Mkoba wa Gathoni ukafunguka,
zipu ya kwanza, zipu ya pili.

Nikaiinamia glasi yangu ya jemu, polepole, bila kumeza,
na gunia likaja: ghala la shangazi, mwaka ule paa lilipovuja,
mahindi yameota vichipukizi vyeupe gizani,
naye anayapembua kwa mkono, anajua, hasemi.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimelisahau ghala lile
na mlango wake wa bati.
Nikanusa tena, wasije wakanipokonya.

Tulikunywa chai. Taprandich akaosha glasi zote,
akazipitisha puani moja moja,
na ile ya benki akamrudishia Omolo mkononi:
"Hii, suuza tena."