Sekta Mia na Hamsini

Mbweha alikimbia juu ya mapaa, koti jekundu,
theluji ya kuchorwa ikimwangukia.
Vishindo vilikuwapo: tip, tap.
Hivyo hutoka kwenye chipu, na chipu nilikwisha kuiiga mwaka juzi.
Kilichokosekana ni muziki.

Asahikawa, Februari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Hita ya mafuta ya taa inakoroma.
Nimevaa soksi juu ya soksi, naandika programu
ya kuiga mashine ambayo kiwanda chake kimeshaisahau.

Diski ya namna ile ni nyumba ya wapangaji wasiofanana.
Chumba cha kwanza yumo mwanamke, anaonya kwa adabu:
usinicheze kwenye redio ya kawaida, utaharibu spika.
Cha pili ni gemu yenyewe, namba tupu,
ukizisikiliza ni misumari inayomwagwa juu ya bati.
Kuanzia cha tatu hadi cha ishirini na moja
ni kaka yangu Teruo.

Programu yangu ilibisha hodi chumba cha pili tu,
kama mdai kodi aliyepewa ufunguo mmoja.

Teruo alipiga kinanda usiku kucha, Sapporo,
ghorofa ya nne juu ya duka la tambi,
kampuni ya watu saba iliyokufa kabla ya gemu ya pili.
Siku hizi anaendesha greda la kusukuma theluji.
Ukimwuliza habari za muziki
anakujibu habari za dizeli.

Nikajifunza kuhesabu upya.
Sekunde moja, sekta sabini na tano.
Sekta moja, baiti elfu mbili mia tatu hamsini na mbili.
Gemu haiombi wimbo kwa jina. Inasema:
anzia hapa, ishia pale, ukifika mwisho rudia.
Nami nilikuwa naijibu "ndiyo bwana" na kukaa kimya.
Miaka miwili ya ndiyo bwana.

Usiku wa tisa ukatoka, umekatwa kichwa.
Kila wimbo uliingia ukiwa umeshaanza,
mithili ya mgeni anayemalizia sentensi aliyoianza njiani.
Sekunde mbili. Sekta mia na hamsini.
Ndiyo nafasi tupu iliyo mbele ya kila wimbo;
wanaonakili diski huimwaga
kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele.
Mimi nilikuwa na diski yenyewe. Sikumwaga.

Na mbele ya wimbo wa saba,
mahali palipotakiwa pasiwe na kitu,
kiti kikalia.
Mtu akakohoa.
Sauti ya kijana mvuta sigara: moja, mbili,

Kinanda kikaamka, kikaingia chumbani,
Mbweha akaruka ruka, hatua zi mizanini,
Theluji ikaanguka, kwa zamu yake, hewani,
Nami nikatetemeka, hita iwaka pembeni.

Ubeti mmoja, basi. Programu ikazimika.
Ilikuwa inasoma kupita ukingo wa diski,
kosa la moja, kosa la mtoto anayeanza.
Nililirekebisha nikiwa nimesimama.

Saa kumi alfajiri Teruo huwa barabarani.
Nikampigia, nikaegemeza simu kwenye spika.
Nilisikia greda likipunguza mngurumo, halafu likitulia.
Dakika tatu na kitu, wimbo wa saba wote,
hakusema neno.

Kisha: "Besi umeizidisha."

Kisha, baada ya muda:
"Kile kikohozi tulikubaliana kikatwe."

Nikamwuliza, nikikate?

Greda likanguruma upya. Akasema
njia ya kwenda stesheni bado haijaguswa,
na treni ya kwanza haimngoji mtu.
Alichokata ni simu.