Dakika ya Tisini, Tartu

Nje theluji imefika magotini. Ndani, Urmas
anaendesha baiskeli isiyokwenda popote,
barakoa imembana mdomo, nyaya kifuani,
na mbele yake skrini inamchokoza:
BULUU, limeandikwa kwa rangi nyekundu.
Taja rangi, usisome neno.

Dakika ya kumi alijibu kabla sijapepesa.
Dakika ya sitini, nusu sekunde na ushei.
Mapigo mia moja hamsini na mbili.
Miguu haijambo; kichwa ndicho kinachochechemea.
Namuuliza: akili imechoka kiasi gani,
sifuri hadi ishirini?
Anainua vidole, anavisahau hewani.
Jasho linadondokea jedwali langu.

Dakika ya tisini. KIJANI, kwa njano.
Kimya.
Gurudumu linavuma.
"Mlango," anasema.

Mlango?
Fomu yangu haina kisanduku cha mlango.
Naandika: kosa.

Baadaye, taulo shingoni, kikombe kikimtetemeka mkononi,
anaapa hakusema neno lolote.
Kisha anacheka kidogo, anatazama dirishani:
"Huenda banda la kuni nimeliacha wazi.
Leelo, kuni zitalowa zote."

Usiku nahakiki karatasi.
Saa tatu nzima nilikuwa kitini,
sikukanyaga pedali hata moja,
na kwenye safu ya mapigo ya moyo,
dakika ya tisini na tano,
kwa mwandiko wangu mwenyewe, tena nadhifu,
pameandikwa:
njano.