Kipindi cha Saa Nane na Nusu

Mwaka huu tena nimepewa mimi kuandika mwaliko.
Nilichelewa kikaoni,
na kwetu anayechelewa ndiye anayechaguliwa.

Basi someni:
kongamano la waandishi ni Jumamosi ya pili ya Machi,
katika jumba la wachimba makaa, hapa bondeni Cwm Brwyn,
Wales ya kusini, ambako mgodi ulifungwa
jumba likabaki,
na paa lake linavuja mahali pamoja tu,
tunapajua,
tunaweka ndoo.

Hakuna kiingilio. Hakuna malipo pia.
Msemaji na msikilizaji wote watapanga viti.
Najua mtasema cha bure ghali.
Ni kweli: mwaka juzi kilimgharimu Emrys goti,
alipopandisha birika la chai ngazi ishirini na mbili.
Wala sisemi mkono mtupu haulambwi.
Hapa hulambwa, mradi umenawa,
maana biskuti ni za kugawana.

Tunachotaka ni mada zenu.
Dakika arobaini, kisha kumi za maswali.
Msituletee "Uandishi na Maisha":
tumekwisha kuwa na vipindi sita vya jina hilo
na maisha hayakuhudhuria hata kimoja.
Leteni kitu mlichokishika.
Mererid, dereva wa gari la maktaba, alitufundisha
kumnyamazisha mhusika bila kumuua.
Idwal anachonga mawe ya makaburi;
alizungumzia kufuta.
"Kila herufi nailipia kwa bega," alisema,
na tangu siku ile vivumishi vyangu
navikata kama kucha.
Bogna, anayefungasha nyama kiwandani,
alileta pendekezo nyuma ya risiti ya duka la dawa,
sentensi mbili, makosa manne:
kuandika kwa lugha inayobana bado
kama kiatu kipya.
Tulilikubali kabla hatujafika nukta.

Sasa la Tegwyn.
Lake lilifika kwa posta, Alhamisi,
siku mbili baada ya kumzika.
Kichwa cha mada: "Kuanzia Katikati".
Pa maelezo, patupu.
Pa mahitaji ameandika:
kiti kimoja, dirisha.

Wanakamati tulikuwa wanne, jikoni kwangu.
Chai ikapoa.
Hakuna aliyethubutu kuandika "limekataliwa".
Tukampa saa nane na nusu.

Saa ikafika, tukakaa, watu thelathini na mmoja,
mbele ya kiti na dirisha.
Mvua nje. Ndani ndoo ikihesabu.
Mtu akakohoa, mtu akaangalia mlango,
kisha kalamu moja, kisha nyingine,
kisha ule mkwaruzo mdogo ukumbini mwote
kama panya wenye adabu,
na kwa dakika arobaini hakuna aliyeinua kichwa.
Mimi niliandika mistari tisa.
Mibaya.
Ninayo bado.

Zilipofika zile kumi za maswali
Bogna peke yake alinyoosha mkono,
akaushusha.

Basi tuma kabla ya tarehe ishirini Januari.
Karatasi yoyote, mwandiko wowote.
Kama hujawahi kusimama mbele ya watu, sema hivyo,
tutakuweka asubuhi, kabla hawajaamka vizuri.
Nafasi ikikosekana nitakujibu mwenyewe,
kwa jina lako, si "Mpendwa Mwombaji";
nina droo nzima ya barua za Mpendwa Mwombaji,
najua zinavyokunjwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
na sisi wenyeji, msifichwe, tunaumwa kidogo,
tumesikilizana wenyewe kwa wenyewe
msimu mzima wa baridi.

Saa nane na nusu mwaka huu iko wazi.
Kiti tumekikaza mguu.
Dirisha limesafishwa, upande wa ndani.

Na kama una ndoo ya ziada
njoo nayo.

Delyth, kwa niaba ya wanne,
ambao sasa ni watatu.