Kifungu cha Nne

Tabernas, saa moja asubuhi. Baridi ya jangwa
inauma masikio kama deni.
Remedios amefungua sanduku la chuma kwa funguo mbili:
mmoja wa shingoni mwake,
wa pili wa askari aliyetumwa kutoka mjini,
anayepiga miayo, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Soma," akanipa karatasi.
Nikasema nimeshasoma.
"Kwa sauti."

Basi mimi, jambazi kwa senema ya tatu mwaka huu,
ndevu za gundi, kofia ya kuazima,
nikakariri kama mtoto wa chuoni:
kwamba bastola hii ni ya kweli;
kwamba risasi ya kweli haivuki lango;
kwamba kidole hukaa mbali na kifyatulio hadi niamriwe;
kwamba simlengi mtu, hata kwa mzaha,
hata mwongozaji akinibembeleza.
Cha nne nikakiruka. Akanirudisha.
Mwigizaji ataangalia kwa macho yake mwenyewe.

"Remedios, fundi ni wewe. Kazi yangu mimi ni kuamini.
Nikiambiwa kibanda hiki ni benki, naamini.
Nikiambiwa Nuria ni dada yangu, namlilia."

"Kaamini kule, mbele ya kamera.
Hapa hatuaminiani."

Akafungua silinda, akaizungusha.
Tundu kwa tundu akamulika kurunzi, nami nikachungulia,
hadi nikaona upande wa pili
kidole gumba chake, kilichopasuka kwa baridi.

"Sita," nikasema.
"Sita nini?"
"Sita tupu."

Hakunieleza sababu. Eloy wa farasi alikwisha kunidokeza:
miaka kumi na mmoja nyuma, bonde la pili,
kijana wa taa aliketi kando ya kamera akimenya chungwa.
Hakimu aliuliza swali moja kutwa nzima:
Nani aliangalia mwisho?
Kila shahidi akamtaja aliyemkabidhi,
na huyo aliyemkabidhi,
hadi mlolongo ukafika kwenye sanduku.
Na sanduku halifungwi.

Amana na kuamini, nilidhani ni ndugu.
Labda ni ndugu. Lakini asubuhi ile
amana ilikuwa kilo moja na ushee ya chuma,
nayo ilinitaka nisimwamini mtu.

Kalamu ilikuwa imeganda. Nikaipumulia,
nikaikwaruza pembeni mwa karatasi mpaka wino ukaja,
nikaandika Evaristo Quesada Molina,
jina langu lote,
si lile la kwenye mabango.