Neno la Kumi

Ijumaa, saa kumi alasiri, Manama, mwezi wa nane,
lami inanata viatuni kama halua ya jana.
Bibi Habiba ameshavaa gauni lake la kijivu,
ufunguo wa nyumba kaushona kwenye mkanda,
maana jua likishatua hatabeba kitu,
hata leso, hata huzuni, asema,
ingawa hiyo ya pili simwamini.

Kuku yumo chunguni, wali tumboni mwake,
mayai nimeyapanga juu; yatalala motoni hadi kesho
yaamke na rangi ya mbao.
Nimetia maji glasini, mafuta juu ya maji,
tambi saba zinaelea.
Kuwasha ni kwake. Afunika macho kwa viganja,
anong'ona majina: walioko London, walioko Ramat Gan,
na la mwisho huwa Menashe, aliyeko hapa hapa,
nyuma ya ukuta mweupe wa makaburi.

Siku kuanza jua linapozama hakukunipa tabu.
Kwetu Pangani pia, usiku huu
ni usiku wa Jumamosi, aulize anayebisha.
Kilichonitatiza ni hesabu:
mimi nasema mosi, juma linafungua duka;
yeye asema ya saba, duka limefungwa.
Miaka sita tumekaa ndani ya siku hiyo moja,
mmoja akiingia, mwenzake akitoka,
tukapishana mlangoni bila kugongana mabega.

Sinagogi haina kibao. Mlango wa kahawia,
kulia fundi saa, kushoto muuza mabegi ya safari
ambaye kila Ijumaa huyavuta ndani
ili wazee wapite.
Upande wetu viti ishirini, wanawake watatu,
na mmoja wao ni mimi, mwenye kipepeo.

Leo Menashe katimiza mwaka.
Dua yake yataka wanaume kumi;
tisa hawatoshi, hata wangekuwa malaika.
Na Mzee Heskel hahesabu watu kwa namba.
Hilo nalijua: nyanya yangu hakuhesabu wajukuu,
alitugusa vichwa, "si mmoja, si wawili, si watatu."
Heskel ana aya yenye maneno kumi,
kila mtu na neno lake:
daktari wa meno, kijana wa benki aliyefika juzi,
ndugu wawili wasiosemezana,
hadi neno la tisa likatua kifuani pake mwenyewe.
La kumi likabaki kinywani.

Tukangoja.
Muuza mabegi akachungulia, akaelewa,
akasimama barabarani akitazama huku na huku
kama anayempokea ndugu yake.

Hakuja mtu.
Wakasali kinachosalika kwa tisa.
Asubuhi walikuwa tisa tena,
na Taurati ikabaki wima kabatini, ndani ya kasha la fedha,
bwana harusi aliyevaa mapema mno.

Lakini kabla ya asubuhi kulikuwa na usiku,
na usiku ule kiyoyozi kilizima.
Bibi haniombi. Haruhusiwi.
"Joto la leo limekuja kuposa," aliiambia dari.
Mimi nimelelewa kwa mafumbo.
Nikainuka kama mtu atafutaye chumvi,
nikasema kwa sauti kwamba mimi naungua,
mkono wangu ukapita karibu na swichi.
Hakunishukuru. Alicheka tu gizani, mara moja.

Mchana wakaja kula, wote tisa.
Wale ndugu wawili waligombania yai lililoiva zaidi,
na kugombana nako ni kusemezana.

Jioni, nyota tatu juu ya matangi ya maji.
Bibi alisugua jani la mhadasi, akanisogezea puani:
"Vuta, juma lisiondoke na roho yote."
Kisha nikaenda kuosha vyombo.
Sahani kumi zilikuwa mezani, tisa zina mifupa.
Niliiosha na ile ya kumi,
nikaiweka juu ya zote,
isichelewe kupatikana.